Rejeta ya shaba au ya plastiki, na hewa utaitoaje? Ulinganisho kwa magari ya Goma na Bukavu

Ukienda kutafuta rejeta (radiatere, kipoza maji ya injini) Birere, kwenye maduka ya Goma, muuzaji atakuuliza aina ya gari, kisha kama unataka ya shaba au ile yenye matangi ya plastiki. Ni maswali mazuri, ila yanaacha moja: ukishaifunga, mdomo wa kujazia maji utakuwa juu kuliko injini au chini yake? Malalamiko mengi ya "gari inachemka tangu nibadilishe radiatere" huanzia hapo. Umbo la rejeta ndilo linaloamua hewa iliyonaswa kwenye maji ya injini itatoka kwa njia gani, kwa hiyo mambo haya mawili tunayalinganisha pamoja.

Kabla ya yote, kimo cha mahali. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu ziko juu kuliko ziwa. Huku maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Kinachoizuia injini isichemshe ni shinikizo linaloshikwa na mfuniko. Mfuniko ulioandikwa 0.9 (au 88, kipimo ni kile kile kwa kilopaskali) husogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi, wa 1.1 hadi karibu 119. Hayo ni maji matupu. Kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) ya nusu kwa nusu huongeza nyuzi chache juu yake. Sasa raba ya mfuniko ikifa, umerudi kwenye 95, wakati termostati (vali inayofunguliwa na joto kupeleka maji rejetani) ya nyuzi 82 ndiyo kwanza inamaliza kufunguka, na feni ya umeme pengine haijawaka. Gari hilo hilo likiwa Mombasa na mfuniko huo huo mbovu lingebaki na nyuzi tano za kupumulia.

Hewa nayo ni nyepesi. Ukilinganisha na pwani, feni ikizunguka kwa kasi ile ile huku inasukuma pungufu ya karibu sehemu moja kati ya saba. Baridi yetu hufidia sehemu ya upungufu huo mjini, lakini haifidii kitu ukipanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola kuja Bukavu kwa gia ya pili, mzigo umejaa, joto la bonde la Ruzizi bado limo ndani ya injini na upepo wa mwendo haupo. Kule ni feni na rejeta tu.

Shaba, plastiki, au alumini tupu

Shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, na hapo mabishano mengi ya gareji huishia. Hayapaswi kuishia hapo. Mapezi (vibati vyembamba kati ya mirija) ya rejeta ya shaba yameshikwa kwenye mirija kwa risasi ya kulehemu, na risasi hiyo hupitisha joto vibaya. Isitoshe, mirija ya shaba hutengenezwa myembamba kwa sababu ukiipanua hutuna kwa shinikizo. Alumini huunganishwa ndani ya tanuru, metali kwa metali, na mirija yake huweza kuwa mipana zaidi, ikigusana na mapezi kwa eneo kubwa. Rejeta nzuri ya alumini yenye safu moja au mbili inaweza kupoza sawa na ya shaba yenye safu tatu, ikiwa na uzito mdogo sana. Kwa kupoza peke yake, shaba haina ushindi wa wazi.

Ushindi wake uko barabarani. Rejeta ya shaba iliyotobolewa na jiwe la makoro (mawe ya volkeno) inarekebishwa na fundi yeyote mwenye moto, risasi na dawa ya kusafishia: unatoa rejeta, unasugua pale mpaka shaba ing'ae, unapaka dawa, unayeyusha risasi. Mrija ulioharibika kabisa unabanwa juu na chini na kuzibwa. Ukiziba miwili au mitatu kati ya makumi, gari halijui. Tangi la juu linaweza kufunguliwa lote, mirija ikapitishwa bati jembamba kuondoa magadi (ukoko unaoachwa na maji), kisha likafungwa tena. Kazi hiyo inafanyika Sake, Masisi, Walikale, popote. Ubaya wake: risasi huchoka kwa mitikisiko. Rejeta nzito iliyofungwa bila raba zake za chini huanza kuvuja kwenye mshono wa tangi baada ya muda, na kila lehemu mpya juu ya ya zamani inakuwa dhaifu kidogo.

Ya alumini yenye matangi ya plastiki ndiyo inayokuja na Corolla, RAV4, Vitz na karibu kila gari dogo la miaka ya karibuni. Tangi ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, limebanwa kwenye wavu kwa meno ya alumini, na katikati kuna raba. Ikiwa mpya haina tatizo. Shida ni uzee: plastiki iliyochemshwa mara kadhaa hugeuka rangi ya kahawia, ikawa kama biskuti, na hupasuka shingoni pale mpira wa juu unapofungwa, hasa fundi akikaza klempu kwa hasira. Kuvuja kwenye raba huonekana asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hukauka ikipata moto, ndiyo maana wengi hawaoni. Gundi ya epoksi haishiki vizuri kwenye nailoni iliyokunywa kulanti. Inakupeleka nyumbani, haikai. Kubadilisha raba inawezekana, lakini meno yale hukubali kukunjuliwa mara moja. Mara ya pili yanakatika. Hapa maoni yetu ni mafupi: tangi likipasuka, nunua rejeta nyingine.

Alumini tupu, yenye matangi ya kuchomelea, ni nzuri kwa macho na ngumu kweli. Lakini ikitoboka inahitaji mashine ya kuchomelea yenye gesi ya agoni na mkono uliozoea bati la chini ya milimita moja. Kama hujui tayari ni gareji gani mjini mwako ina mashine hiyo, usiichague. Angalia pia zile za bei rahisi: ukiona mistari ya gundi ya kijivu kwenye kona, hiyo haikuchomelewa vizuri tangu kiwandani.

Kuhusu safu na mapezi, zaidi si bora kila wakati. Hewa inayofika safu ya tatu imeshapashwa moto na mbili za mbele, na kama feni ni dhaifu haipenyi. Mapezi yaliyosongamana hupoza vizuri kwenye lami ya Himbi, mtaa wa Goma, halafu yanajaa udongo na vumbi jeusi la volkeno kwenye njia ya Masisi. Kwa gari la mashambani chagua mapezi yenye nafasi. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine ya shinikizo inalaza mapezi, na pezi lililolala ni ukuta.

Maji kushuka au kwenda upande

Kwenye Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na magari mengi ya kazi, maji huingia tangi la juu na kushuka. Kwenye magari mengi ya Ulaya huingia ubavu mmoja na kutokea ubavu wa pili. Eneo likiwa sawa, upozaji ni sawa. Tofauti iko kwenye mfuniko na hewa.

Tangi la juu ni chombo cha kutenga hewa bila gharama: maji hupunguza mwendo, viputo hupanda, mfuniko uko hapo hapo. Lakini mfuniko huo unabeba pia msukumo wa pampu, kwa hiyo injini ikizungushwa kwa nguvu, mfuniko dhaifu hutema mapema. Rejeta ya ubavu kwa ubavu yenye mfuniko upande wa kutokea haisukumwi hivyo. Faida yake ni ya kweli. Hasara yake ni kwamba mara nyingi imekaa chini, boneti limeinama, na mipira ya hita iko juu yake. Hapo hewa haina sababu ya kurudi kwenye rejeta.

Angalia pia chupa. Kuna chupa ya akiba isiyo na shinikizo, ya Toyota nyingi: injini ikipoa, vali ndogo ya mfuniko hunyonya maji kurudi. Kimpira chake lazima kizame ndani ya maji hadi karibu na chini. Magari mangapi mjini yanatembea kimpira kikining'inia hewani, chupa ilipotea zamani! Kila yakipoa yananyonya hewa, na kila asubuhi dereva anaongeza maji akidhani rejeta inavuja. Aina ya pili ni chupa yenye shinikizo na mfuniko wake juu, ya Peugeot, Renault na Volkswagen: maji hupita humo muda wote na hewa hutengwa yenyewe, mradi mpira mwembamba unaoleta mvuke haujaziba. Usiweke chupa ya aina moja na mfuniko wa aina nyingine. Mpira wa juu ukikuta umenyonywa bapa asubuhi, vali ya kurudisha imekufa au umewekewa mfuniko usio wake.

Njia nne za kutoa hewa

Hewa iliyobaki si jambo la kelele za kijito ndani ya dashibodi tu. Hukusanyika kwenye silinda hedi, karibu na vali za kutolea moshi, mahali pa moto kuliko pote, na chuma pale hupasuka. Kibaya zaidi, kihisi cha joto kikiwa ndani ya hewa badala ya maji, mshale unaweza kubaki chini huku injini inaungua.

Kipimo kimoja kinahusu njia zote: pima unachomwaga. Ukitoa lita 7 kwenye beseni na zimerudi 5 tu, lita 2 ni hewa, hata kama rejeta imejaa hadi mdomoni. Andika alama kwenye bidoni.

*Mfuniko wazi.* Inatosha kwa rejeta ya tangi la juu lililo juu kuliko injini. Pandisha pua ya gari kwenye mteremko, Bukavu huhitaji kuutafuta. Injini baridi, kitufe cha hita kwenye joto kabisa, jaza polepole, lita moja kwa dakika, ukibinyabinya mpira wa juu. Washa bila mfuniko, acha mwendo wa kupumzika mpaka mpira wa chini uwe wa moto, maana ndipo termostati imefunguka. Kwa baridi ya asubuhi hiyo ni dakika 15 hadi 20. Ongeza kila kiwango kinaposhuka. Usizungushe injini kwa nguvu mfuniko ukiwa wazi, na kumbuka kwamba bila mfuniko una nyuzi 95 tu: ukiona inataka kuchemka, zima, usiongeze maji baridi juu ya hedi ya moto. Funga, endesha, acha ipoe usiku, angalia tena asubuhi.

*Faneli ndefu yenye kuziba.* Ni njia ile ile, ila unaongeza kimo. Faneli inafungwa kwa raba kwenye mdomo, inajazwa lita moja au mbili, na sasa uso wa maji uko juu kuliko hita. Ndiyo njia ya Vitz, RAV4 na hasa mabasi madogo ya Hiace, ambayo mengi yana hita ya nyuma yenye mabomba marefu chini ya sakafu. Hakikisha hita zote mbili zimefunguliwa. Zinauzwa zikiwa na vipande vya kushika midomo mbalimbali. Chupa iliyokatwa na kipande cha mpira wa radiatere na klempu hufanya kazi hiyo hiyo, mradi haivuji. Kati ya njia zote hii ndiyo yenye faida kubwa kwa pesa ndogo, na gareji isiyo nayo haina kisingizio.

*Skrubu za kutolea hewa.* Peugeot na Renault nyingi huwa nazo kwenye mpira wa hita au karibu na termostati, BMW za zamani karibu na chupa. Fungua, jaza polepole mpaka utoke mkondo usio na viputo, funga, nenda kwenye skrubu iliyo juu zaidi. Skrubu ni za plastiki: kaza kwa vidole na robo mzunguko tu. Aliyevunja moja na kuiziba kwa gundi amekuachia gari lisiloweza kutolewa hewa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo zikague kabla ya kununua gari kuukuu. BMW zenye pampu ya umeme, kama za injini ya N52, hazitolewi hewa kwa kuwasha injini kabisa: unaunganisha chaja ya batri, unawasha swichi, hita juu kabisa na feni chini kabisa, unakanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho kwa sekunde 10, kisha pampu inazunguka yenyewe dakika 12 hivi. Bila chaja, batri itakufa katikati.

*Kuvuta ombwe.* Kifaa kinaendeshwa na kompresa, kinanyonya karibu hewa yote kutoka mfumo ulio mtupu na baridi, mipira inabana bapa (ni kawaida), kisha unafungua koki na kulanti inavutwa kujaza kila kona. Faida kubwa ni mbili: karibu hakuna kiputo kinachobaki, na kabla ya kumwaga hata tone umeshajua kama kuna mahali panavuja, kwa kufunga koki na kutazama saa ya kipimo dakika tano. Ila vitabu vya vifaa hivi vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Vinataka 0.8 au 0.85 ya bar chini ya sifuri. Hapa Goma hewa yote iliyopo ni 0.85 tu hivi, kwa hiyo kifaa kizima hakitafika huko. Karibu na 0.7, ikikaa bila kushuka, ni sawa. Fundi asiyejua hilo hutafuta mvujo usiokuwepo siku nzima. Hakikisha ndoo ya kulanti ina lita zaidi ya mfumo mzima. Mrija ukinyonya hewa sekunde moja, kazi yote imerudi nyuma. Kwa gari moja la familia gharama haina maana. Kwa gareji yenye magari kumi ya shirika au mabasi, inajilipa.

Kitu kidogo kinachoharibu njia zote hizi ni termostati iliyogeuzwa. Kipini kinachochezacheza pembeni yake lazima kikae juu kabisa, saa sita, kwa sababu ndicho mlango wa hewa. Kama haina kipini, tundu la milimita 2 au 3 upande wa juu linasaidia. Kuitoa kabisa, kama wengi wanavyofanya "injini ipumue", ni kosa, na kwa dizeli zenye termostati ya kisahani cha pili chini ni kosa mara mbili: kisahani hicho kazi yake ni kufunga njia ya mkato. Ukikitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita rejetani, na gari linachemka zaidi kwenye mpando.

Maji gani kwenye rejeta ipi

Maji ya ziwa hayafai. Yana magnesi na bikaboneti nyingi na uchachu wake uko upande wa alkali, pH karibu 9. Yakichemka yanaacha magadi kwenye mirija, na alumini haipendi pH zaidi ya 8.5. Rejeta ya shaba unaweza kuifungua na kuipitisha bati. Ya plastiki magadi yakiingia ni mwisho wake. Maji ya mvua kwenye citerne (tangi la maji) ni afadhali, ila mvua iliyopita kwenye moshi wa volkeno ya Nyiragongo huja na tindikali. Lililo bora ni maji ya batri yaliyotoneshwa. Soma chupa, kwa kuwa dukani hukaa bega kwa bega na asidi ya batri.

Barafu hatuna, kwa hiyo kulanti tunaihitaji kwa dawa yake ya kuzuia kutu. Theluthi moja inatosha. Nusu ni sawa pia. Zaidi ya hapo unapunguza upozaji, maana glaikoli hubeba joto pungufu kuliko maji. Usichanganye ya rangi na ya rangi nyingine bila kujua: baadhi hugeuka ute. Na maji ya rangi yanayouzwa kwa bei ya soda ni maji ya rangi.

Basi uchague ipi

Hilux au Land Cruiser ya mzigo, inayokwenda Masisi, Walikale au Uvira: shaba, tangi la juu, safu tatu, mapezi yenye nafasi, kingo ya feni (boksi linaloizunguka) isipungue hata kipande, na hewa itolewe kwa mfuniko wazi. Hiyo ndiyo rejeta unayoweza kuiokoa mbali na mji.

Teksi ya mjini na gari la familia: ya alumini na plastiki, mpya, si ya kutolewa kwenye gari lingine. Nunua faneli siku hiyo hiyo. Kama ni otomatiki, angalia tangi la chini au la ubavu lenye kipoza mafuta ya gia: likitoboka ndani, kulanti na mafuta hugeuka maziwa ya rangi ya waridi, na giaboksi hufuata.

Kwa Hiace hatukubaliani sisi wenyewe kwa sisi: ya kwenda na kurudi Sake kila siku tungeiwekea shaba kama inapatikana ya kipimo chake, ya mjini hapana. Kwenye faneli hatubishani.

Na kama umetoa hewa mara mbili kwa njia sahihi na bado inarudi, acha kutoa. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, jaza hadi mdomoni, washa, tazama. Viputo vinavyotoka mfululizo kabla termostati haijafunguka, au mpira wa juu kuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, ni moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi ya hedi. Dawa ya bluu ya kupimia, ikivutiwa hewa ya mdomoni mwa rejeta, hugeuka njano kwa petroli. Kwa dizeli mabadiliko ni hafifu, kuelekea kijani. Hakuna rejeta itakayoponya hiyo, ya shaba wala ya plastiki.